Ndege ya upelelezi iliyostaafu jeshini: kabla hamjailipia, ulizeni itaruka kwa cheti gani

Swali: "Mhandisi, shikamoo. Mimi na rafiki zangu wawili hapa Dar es Salaam tuna leseni za urubani binafsi, na tumepata ofa ya Cessna Bird Dog iliyokuwa ya jeshi la Ufaransa, ambayo baadaye ilitumiwa na klabu moja huko huko kuvuta ndege zisizo na injini. Mabawa yameshafunguliwa, injini haijawashwa kwa muda mrefu, na muuzaji ametutumia picha nzuri pamoja na kitabu kimoja cha kumbukumbu. Tunataka kuileta hapa, kuirudishia sura yake ya kijeshi, na kuirusha kandokando ya pwani hadi Mafia, pengine na wageni wachache wa kulipia mwisho wa wiki. Je, inawezekana, na tuanzie wapi?"

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na hongereni kwa kuuliza kabla ya kulipa. Inawezekana, isipokuwa ile sehemu ya wageni wa kulipia, ambayo naomba muitoe kabisa kwenye hesabu zenu. Ama kuhusu pa kuanzia, wengi huanzia kwenye injini na wengine, Mungu awasamehe, huanzia kwenye rangi. Mimi nawashauri muanzie kwenye swali la mezani: ndege hii itaruka chini ya cheti gani? Jibu lake ndilo litakaloamua vipuri gani vinakubalika, nani anaruhusiwa kutia sahihi baada ya kazi, mnaweza kwenda wapi na mnaweza kumpakia nani. Na kwa hiyo ndilo litakalowaambia kama bei mliyotajiwa ni nafuu au ni mtego.

Tuitazame kwanza ndege yenyewe. Jeshi la nchi kavu la Marekani lilitaka ndege ya bati ichukue nafasi ya zile za Vita Kuu ya Pili, kama Piper L-4 na Stinson L-5, zilizoundwa kwa mabomba ya chuma, mbao na kitambaa. Cessna wakachukua modeli yao ya 170, ndege ya kiraia ya watu wanne, wakaipunguza upana ili watu wawili wakae mmoja nyuma ya mwingine, wakaizungushia madirisha makubwa na kuweka vioo hata juu ya vichwa vya waliomo, wakaipa injini ya Continental O-470-11 yenye silinda sita na nguvu ya farasi 213, pamoja na flapu, yaani vibao vya nyuma ya mabawa, zinazoshuka hadi nyuzi 60. Iliruka kwa mara ya kwanza Desemba 1949, ikaenda Korea ikiitwa L-19, na kuanzia 1962 ikabadilishiwa jina kuwa O-1, ambalo ndilo lililozoeleka Vietnam. Zilitengenezwa zaidi ya 3,000, na Ufaransa ilizitumia Algeria. Kazi yake ilikuwa kuzunguka polepole juu ya uwanja wa mapambano ili waliomo waone makombora ya mizinga yanaangukia wapi na kurekebisha shabaha kwa redio, au kulitia alama lengo kwa roketi za moshi wa fosforasi nyeupe ili ndege za mashambulizi zilione.

Ni ndege nyepesi sana. Tupu ina takriban kilo 730, na uzito wake wa juu unaoruhusiwa ni takriban kilo 1,090. Watu wengi huvutiwa nayo kwa kisa cha mwishoni mwa Aprili 1975, pale Meja Buang-Ly wa jeshi la anga la Vietnam Kusini alipoondoka na mkewe na watoto wao watano katika ndege hii ya watu wawili, akaikuta manowari ya kubebea ndege ya Marekani, USS Midway, akadondosha ujumbe ulioandikwa kuomba nafasi, helikopta zikasukumwa baharini ili kumsafishia sitaha, naye akatua bila ndoano wala waya wa kumzuia. Ndege hiyo imehifadhiwa katika makumbusho ya Pensacola. Nakitaja kisa hiki kwa sababu mara nyingi hutumiwa kuthibitisha kwamba Bird Dog hubeba chochote na kutua popote. Kinachosahaulika ni kwamba meli ilikuwa inakwenda mbio kuelekea upepo, kwa hiyo mwendo wa ndege kuilinganisha na sitaha ulikuwa mdogo mno, na kwamba watoto wadogo si sawa na watu wazima watano wenye mabegi. Jedwali la uzito la ndege yenu halikubadilika siku ile.

Sasa turudi kwenye cheti. Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga wa kiraia duniani, unaziweka kando ndege za dola katika Kifungu cha 3, yaani zile zinazotumika katika kazi za jeshi, forodha na polisi. Maana yake ni kwamba kwa miaka yote ndege hiyo ilipokuwa jeshini ilitunzwa kwa taratibu za jeshi, ikabadilishiwa vifaa kwa idhini ya jeshi, na hakuna mamlaka ya kiraia iliyokuwa ikifuatilia. Inapotoka jeshini lazima mtu athibitishe kwamba bado inalingana na mchoro fulani unaotambulika. Bird Dog ina bahati kuliko ndege nyingi za kijeshi kwa kuwa Cessna walipata cheti cha aina cha kiraia, yaani idhini ya mchoro wa ndege, kwa modeli ya 305A. Hata hivyo si kila Bird Dog iliyopo sokoni inaweza kuingia kwenye cheti hicho, kwa sababu kuna modeli tofauti, na nyingine zimeundwa upya kutokana na mabaki ya ndege kadhaa. Hizo huruka kwa vyeti vyenye masharti, kama kile cha majaribio na maonyesho kinachotolewa Marekani, au kibali maalumu cha kuruka cha aina inayotumika Uingereza na kwingineko Ulaya.

Tofauti kati ya cheti kamili na cheti chenye masharti si ya jina tu. Kifungu cha 33 cha mkataba huo kinazitaka nchi wanachama zitambue cheti cha nchi iliyoisajili ndege, ilimradi kimetolewa kwa viwango visivyopungua vile vya kimataifa. Cheti chenye masharti hakifikii viwango hivyo, kwa hiyo kila nchi ina haki ya kukikataa, na ndege yenu itahitaji ruhusa mpya kila mnapotaka kuvuka mpaka, hata kama ni kwenda Mombasa kunywa chai. Kwa usajili wa hapa nyumbani, wenye alama ya 5H, mwamuzi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Waandikieni kabla hamjatuma hata senti moja. Barua yenu itaje modeli kamili na namba ya utengenezaji, iambatane na nakala ya cheti cha mwisho cha ndege na ya kufutwa kwake kwenye daftari la nchi inakotoka, kama kumeshafanyika, na iulize waziwazi ni aina gani ya cheti wanachoweza kukifikiria na kwa ushahidi upi. Jibu la maandishi ndilo la kutegemea. Maneno ya ngazini na ya kwenye simu hayatawasaidia siku mkaguzi mwingine atakapokuja.

Hapa ndipo suala la wageni wa kulipia linapofia. Kubeba abiria kwa malipo ni biashara ya usafiri wa anga, nayo inadai leseni ya huduma na cheti cha mwendeshaji, pamoja na ndege yenye cheti kamili. Hata mngekuwa na ndege ya namna hiyo, leseni ya urubani binafsi mliyonayo hairuhusu kupokea malipo kwa kurusha. Msijaribu kulizunguka sharti hili kwa kuita nauli "mchango". Siku ikitokea ajali, mtu wa kwanza kulichambua neno hilo atakuwa mwanasheria wa kampuni ya bima.

Kitabu kimoja cha kumbukumbu kinanitia wasiwasi kuliko injini iliyolala. Ndege iliyopita jeshini kisha klabuni inapaswa kuwa na kumbukumbu za bodi, za injini na za propela, kila moja peke yake, pamoja na hati za kipindi cha jeshi na orodha ya maagizo ya lazima ya usalama yaliyotekelezwa, yenye tarehe na sahihi. Kwa ndege ya kuvuta nyenzake, jumla ya saa haitoshi. Ulizeni imevuta mara ngapi, kwa maana saa moja ya kuvuta huwa na kupaa na kutua kadhaa, na miguu ya magurudumu huchoshwa na kutua. Linganisheni pia namba iliyo kwenye kibati cha utambulisho na namba zilizopigwa sehemu nyingine za bodi. Kibati ni kipande kidogo cha chuma kilichoshikwa kwa ribiti chache, na katika biashara ya ndege za kale si ajabu kukikuta kimehamia kwenye mwili usio wake. Vipuri vilivyofungwa miaka ya karibuni viwe na hati ya kuachiliwa inayotambulika, kama vile fomu 8130-3 ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, au Fomu 1 ya EASA, ile ya Umoja wa Ulaya. Kipuri kipya kinachong'aa kisicho na hati ni chuma chakavu, hata kama kimenunuliwa kwa bei ya dhahabu.

Karatasi zikiridhisha, ndipo mtume mtu akaikague, na mtu huyo asiwe rafiki wa muuzaji. Mimi ningeipita rangi bila kuitazama na kwenda moja kwa moja mahali nguzo ya bawa inapoungana na bodi, karibu na mguu wa gurudumu. Ningetaka vifuniko vya pale viondolewe, kwa sababu humo ndani maji ya kuoshea hukusanyika, matope hukaa, na panya hupenda kujenga. Nao mkojo wa panya ni adui mkubwa wa aluminiamu. Baada ya hapo ningeomba taa za hanga zizimwe, niulaze mwanga wa tochi juu ya bati la bawa karibu uwe sambamba nalo, na kutembea polepole kutoka nchani hadi shinani. Bati zima hurudisha mwanga kwa mstari ulionyooka. Bati linaloliwa chini ya rangi huonyesha vivimbe vidogo kando ya mistari ya ribiti, na ukivikwangua kwa ncha ya plastiki unatoka unga mweupe au wa kijivu. Ribiti yenye mkia mweusi ulioelekea nyuma ni ribiti inayocheza tundu lake. Ikiwa moja hubadilishwa, lakini zikiwa safu nzima zinasema kwamba kitu kilichomo ndani, pengine mhimili wenyewe, kinatembea. Aina mbaya kuliko zote ni ile ambapo aluminiamu nene ya viungio hufunguka tabaka kwa tabaka kama chapati iliyokunjwa vizuri. Hiyo haitibiki kwa msasa wala rangi, kiungio hutupwa.

Naliweka hili mbele kwa sababu ya mahali mnapoishi. Dar es Salaam ni joto, unyevu na chumvi kwa mwaka mzima, na popote bati la aluminiamu linapogusana na bolti ya chuma, hewa hiyo huzifanya metali hizo mbili zifanye kazi kama betri ndogo, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Kutu ndogo iliyosinzia kwenye hanga kavu la Ufaransa itaamka hapa. Fungueni kila kifuniko kabla ya kuisafirisha, safisheni, pakeni rangi ya msingi ya kuzuia kutu pale palipo wazi, kisha pulizeni ndani ya mabawa na mkia mafuta ya kuzuia kutu ya ndege. Katika kontena wekeni vifyonza unyevu vya kutosha, maana hewa ya kontena ikipoa usiku baharini hutoa umande unaodondoka juu ya mzigo. Wakala wenu wa forodha awe na hati zote mkononi kabla meli haijatia nanga, ili kontena lisikae juani bandarini wiki baada ya wiki. Na anayekwangua rangi ya zamani ya kijani au ya manjano iliyo karibu na bati avae barakoa ya kweli. Rangi hiyo ina kromati, na vumbi lake husababisha saratani.

Injini ni habari inayoeleweka zaidi. Kuvuta ndege isiyo na injini ni kazi inayoinyanyasa: inapanda kwa nguvu zote kwa mwendo mdogo, hewa ya kuipoza ikiwa haba, kisha kamba inaachiwa na rubani anashuka haraka akiwa amepunguza nguvu, silinda zinapoa ghafla. Hayo yakirudiwa siku nzima huacha nyufa kwenye vichwa vya silinda, hasa kati ya valvu ya kutolea moshi na tundu la plagi. Baada ya hapo injini hiyo imekaa, na kukaa kuna ubaya wake: mafuta huchuruzika yakaiacha kamshafti, ekseli inayofungua valvu, ikiwa tupu, unyevu unaingia, na vishimo vya kutu vinaota kwenye nyuso ambazo zitasuguana kwa nguvu siku ya kuwashwa. Ndiyo maana Continental wanapendekeza ukarabati mkuu kwa hesabu ya saa na pia kwa kalenda, miaka 12, hata kama injini haikufanya kazi kubwa. Mwambieni muuzaji asiiwashe kwa ajili ya kuwatumia video. Video ya injini ikinguruma haithibitishi chochote, na dakika chache za kuiwasha ikiwa kavu zinaweza kusambaza chembe za kutu hadi kwenye beringi. Wala asiwepo mtu wa kuizungusha propela kwa mkono ili kuonyesha kwamba haijakwama. Magineto, kifaa cha kuwashia injini hizi, haihitaji betri ili itoe cheche, na propela hiyo huua.

Kwa hiyo katika hesabu zenu andikeni ukarabati mkuu wa injini na wa propela kama gharama ya hakika, na msishangae ikizidi bei ya bodi. Habari njema ni kwamba injini hii ni ya familia moja na zile za Cessna 180 na 182, ambazo mafundi wa hapa wanazifahamu. Ila si kila kipuri hubadilishana, kwa hiyo kila namba ya kipuri ihakikiwe kwenye kitabu cha O-470-11 chenyewe. Umeme wake ni wa volti 24, tofauti na ndege ndogo nyingi za zamani zenye volti 12, na hilo litawaathiri mnaponunua redio na betri.

Mafuta nayo yanataka mpango. Ndege ndogo za kibiashara zinazokwenda Zanzibar na Mafia, kama Cessna Caravan, zinatumia Jet A-1, mafuta ya jeti ya jamii ya mafuta ya taa, ambayo hayafai kabisa kwenye injini yenu. Ninyi mnahitaji avgas, yaani petroli ya ndege, na lazima mjue mapema nani atawauzia, kwa pipa au kwa pampu, na pipa hilo limehifadhiwaje. Bandikeni maandishi makubwa kwenye midomo ya matangi, na rubani asimame pale mafuta yanapotiwa, kwa sababu Jet A-1 ikiingia kwenye tangi la injini ya pistoni ndege inaweza kupaa kabla injini haijazima. Tena injini hii iliundwa kwa petroli ya ndege ya 80/87, wakati avgas ya bluu ya 100LL inaruhusiwa kuwa na madini ya risasi mara nne hivi ya ile. Risasi hiyo huganda kwenye plagi za chini. Rubani anayejua hupunguza mafuta kwenye mchanganyiko anapotembea ardhini, na fundi anayejua huzifungua plagi mara nyingi zaidi ya anavyofanya kwenye injini nyingine.

Sura ya kijeshi ni haki yenu kuipenda, nami naipenda, lakini ina mipaka. Mirija ya roketi, hata ile mitupu au ya kuigiza, iacheni. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na sitaki niwaone mkimweleza afisa wa bandarini kwamba kile kilicho chini ya bawa ni pambo. Vifaa vilivyotengenezwa Marekani kwa ajili ya jeshi vina pia masharti yake ya kuuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, na muuzaji ndiye wa kuonyesha kwamba ameyatimiza. Saa za kale zenye mishale inayong'aa gizani zinaweza kuwa zimepakwa radiamu, na kuingiza nchini chanzo chochote cha mionzi ni suala la Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Zipimwe huko huko ziliko, na zikionekana zina mionzi zibaki huko. Redio za zamani mnaweza kuziweka kama mapambo, ilimradi ziingizwe kwenye hesabu ya uzito. Kwa kuruka mtahitaji redio ya kisasa ya VHF, transponda inayoitambulisha ndege kwenye rada, na kifaa cha dharura cha masafa ya 406 MHz, kwa kuwa satelaiti ziliacha kusikiliza masafa ya zamani ya 121.5 MHz tangu Februari 2009. Kumbukeni kwamba jeshi lilipakia redio nzito nyuma ya kiti cha pili, na kuziondoa husogeza kitovu cha uzito mbele. Ndege ipimwe upya kwa mizani baada ya kazi zote kwisha. Jedwali la zamani la klabu halitafaa tena. Kuhusu rangi, ushauri wangu ni rangi ya kijani ya zeituni bila nembo ya jeshi lolote, na alama za 5H zisomeke kwa mbali.

Nije kwenye kuirusha, ambako leseni zenu hazitoshi peke yake. Kama mmejifunza kwenye ndege yenye gurudumu la pua, Bird Dog, yenye gurudumu la mkia, itawashangaza pale mnapodhani safari imekwisha. Kitovu chake cha uzito kiko nyuma ya magurudumu makubwa, kwa hiyo pua ikianza kukengeuka baada ya kutua, uzito wa nyuma husukuma kuongeza kosa badala ya kulirekebisha, na ndege inazunguka yenyewe ardhini, bawa likigusa na mguu ukivunjika. Dawa ni miguu inayocheza kwenye pedali tangu mwanzo hadi ndege isimame kabisa, na hilo hupatikana kwa mwalimu wa ndege za gurudumu la mkia. Njia kuu ya uwanja wa Julius Nyerere ni 05/23, yaani inaelekea kaskazini-mashariki na kusini-magharibi. Kaskazi likivuma linakuja karibu na mstari wake, lakini kusi hulikata kutoka ubavuni, na miezi ya kusi ni mingi. Anzeni mafunzo asubuhi mapema, kabla upepo haujapata nguvu.

Flapu za nyuzi 60 ni neema wakati wa kutua na ni hatari wakati wa kughairi kutua. Zikiwa zimeshuka zote, ndege hupanda kwa shida hata kwa nguvu zote za injini, na rubani lazima asukume kijiti mbele kwa nguvu huku akizipandisha kidogo kidogo. Jizoezeni mkiwa juu, penye nafasi ya kukosea. Joto nalo lihesabiwe: siku ya nyuzi 32 hapa Dar, ndege inajiona iko futi 2,000 hivi juu ya bahari. Mkienda nayo Arusha, kwenye uwanja ulio takriban futi 4,550, siku ya nyuzi 28 itajiona iko zaidi ya futi 7,000, na injini isiyo na kipuliza cha kuisukumia hewa itakuwa imepoteza sehemu ya tano ya nguvu zake au zaidi.

Lakini kinachoua zaidi katika ndege za aina hii ni kile kile zilichoundwa kukifanya: kuruka chini, polepole, rubani akitazama kitu ardhini. Anaizunguka nyumba ya rafiki ufukweni, anabana kona ili asiipoteze, mwendo unashuka bila yeye kujua, bawa la ndani linaacha kubeba, na futi zilizobaki hazitoshi kujiokoa. Jeshini walikuwa wawili, mmoja akiruka na mwingine akitazama. Uigeni utaratibu huo. Kanuni ya kimataifa inataka futi 500 juu ya ardhi au maji, na futi 1,000 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote mahali penye makazi, na kwa maoni yangu ni kidogo hata hivyo kwa mgeni wa ndege hii. Ndege wa angani nao wamo katika hesabu. Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti na baba yake kwa Dornier Do 27 iliyopakwa mistari ya pundamilia, alifariki Januari 1959 baada ya kugongana na tai mzoga, na amezikwa kwenye ukingo wa Ngorongoro.

Safari ya Mafia yenyewe naiunga mkono. Ni takriban kilomita 125, chini ya saa moja kwa mwendo wa Bird Dog, na kwa matangi yanayochukua takriban lita 155, injini ikinywa lita 35 hadi 40 kwa saa, mtajaza Dar na kurudi bila kutafuta mafuta kisiwani. Fuateni pwani hadi delta ya Rufiji, pandeni juu vya kutosha, ndipo mkate mkondo wa Mafia, ambao ni kilomita 20 hivi za maji, mkiwa mmevaa maboya na si mmeyakalia. Mtakuwa juu ya mahali ambapo ndege za upelelezi zilifanya kazi yake hasa katika nchi hii: Novemba 1914 rubani Dennis Cutler aliiona kutoka angani manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha deltani, na Julai 1915 ndege za wanamaji wa Uingereza zilizotokea Mafia ziliongoza mizinga ya meli za kivita Severn na Mersey hadi Königsberg ikaangamizwa. Mkitaka kupiga picha pale, ulizeni kwanza kuhusu kibali, kwa sababu Kifungu cha 36 cha Mkataba wa Chicago kinaipa kila nchi haki ya kudhibiti kamera ndani ya ndege.

Mmeniuliza juu ya Bird Dog tu, lakini huenda muuzaji mwingine akawajia na kitu tofauti, kwa hiyo niseme kwa ufupi. Auster za Kiingereza zenye mihimili ya mbao sizipendekezi kwa hewa ya pwani yetu. Do 27 na AM.3C Bosbok, iliyobuniwa Italia na kutumiwa na jeshi la Afrika Kusini, ni ndege nzuri sana, ila injini zao zina gia kati ya kranki na propela, na ya Bosbok ina kipuliza juu yake. Mafundi na vipuri vyake ni vya kutafutwa kwa tochi. OV-10 Bronco ya Marekani ina injini mbili za turbopropu na viti vya kujirusha vyenye baruti, na hiyo si ndege ya marafiki watatu. Kwa mfuko na mazingira yenu Bird Dog ni chaguo la busara, na ningependelea zaidi mlipie bei kubwa kwa iliyo hai, inayoruka leo na yenye cheti kinachosomeka, kuliko hii iliyofunguliwa mabawa.

Kama bado mnaitaka hii, mwandikieni muuzaji wiki hii mumwombe vitabu vyote vya kumbukumbu vikiwa vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, cheti cha mwisho cha kuruka, picha ya kibati cha utambulisho pamoja na namba zilizopigwa kwenye bodi, na ruhusa ya mkaguzi wenu kufungua vifuniko vya nguzo za mabawa na kuingiza kamera nyembamba ndani ya silinda zote sita. Barua ya TCAA itoke siku hiyo hiyo. Amana mtaituma majibu yote mawili yakisharudi. Na muuzaji akisema kuna mteja mwingine aliye tayari kulipa kesho bila kukagua, mwacheni amuuzie.